Mkwe Nyuma ya Blanketi

Siku ya kwanza kazini nilitarajia bunduki. Nilikuwa nimetoka chuo cha magereza juma lilo hilo, viatu vinang'aa, na kule nyumbani Kilungu mama alikuwa ameshawaambia watu wa kanisa kwamba kijana wake sasa ni askari. Koplo wa mapokezi alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akanisukumia rundo la nguo zilizonuka jasho na moshi, akasema neno moja tu: "Pekua."

Mapokezi ndiyo sehemu ambayo mtu huingia akiwa raia na kutoka akiwa mfungwa. Huandikwa, hupimwa, huvuliwa nguo zake na kupewa sare ya milia. Mpekuzi kazi yake ni kutafuta magendo, yaani kitu chochote kisichoruhusiwa ndani: tumbaku, bangi, simu, wembe. Tumbaku hushonewa kwenye pindo la suruali. Bangi hukunjwa ndani ya kola. Mzee mmoja alikuwa ameuficha ugoro ndani ya kisigino cha kiatu, kimechongwa vizuri hata nikamsifu fundi wake.

Koplo yule alinifunza jambo ambalo chuoni hawakulitaja. Mtu akivua nguo, tazama nguo, usimtazame yeye. "Wewe unatafuta bangi, hutafuti mtu," aliniambia. "Aibu yake mwachie. Hiyo hatumnyang'anyi hapa." Nimewahi kuwaambia maaskari vijana maneno hayo, wakanicheka, wakasema siku hizi kuna mashine. Sawa. Mashine ni nzuri, ila haijui kugeuza macho.

Baada ya miaka mingi ya lango na mnara upande wa Makueni, nilihamishiwa gereza lingine upande wa Kitui. Majina ya magereza hayo nayaacha, na ya watu nimeyabadilisha. Waliokaa humo bado wana watoto. Nilikuwa sajini sasa, nikawekwa ofisi ya ustawi. Ofisi yenyewe ilikuwa meza na benchi. Hapo mfungwa huja kuuliza habari za nyumbani, kuomba asaidiwe kuandika rufaa, au kulia tu. Wenzangu waliiita ofisi ya leso, na kwenye kantini walikuwa wakinyamaza nikiingia, kwa sababu ofisa wa ustawi anadhaniwa kuwa upande wa wafungwa. Wafungwa nao walijua mimi ni askari. Nikazoea kunywa chai peke yangu. Mke wangu alibaki Kilungu na shamba na watoto, kama wake wengi wa askari, na kwenye kota, nyumba za askari, niliishi na redio.

Sehemu kubwa ya wanaume walioketi kwenye benchi langu waliletwa na chupa, hata kama karatasi ya hakimu ilisema wizi au kupigana. Mlevi akikatiwa pombe ghafla anaingia katika hali ambayo wafungwa huiita arosto. Mikono inatetemeka, jasho linamtoka kukiwa na baridi, anazungumza na watu wasiokuwepo. Wengine wakipuuzwa hufa, ndiyo maana tuliwapeleka zahanati kabla ya wadi. Na ndani nako pombe haikukosekana kabisa. Waliloweka ugali na sukari ndani ya ndoo hadi ukaumuka wakapata kangara, wakainywa wakiwa wameshika pua.

Arosto hupita, lakini aibu hukaa. Nimewaona wanaume waliokiri mbele ya hakimu kumkata mtu panga, bila hata kupepesa macho, ila ukimuuliza mmoja wao kama anakunywa, anatazama sakafu. "Kidogo tu, afande." Kidogo! Na kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili kisimwagike.

Mzee Mbithi aliletwa kwetu kutoka Makueni kwa sababu huko kulikuwa kumejaa. Alikuwa mtu wa karibu na Sultan Hamud, mzee wa kanisa, mwimbishaji, na alifungwa kwa kumpiga jirani na jembe akiwa amelewa. Arosto ilimshikia zahanati, ikamwachilia, akapelekwa wadini. Huko akaacha kula.

Mkuu wa gereza wakati huo alikuwa mtu wa upande wa magharibi ya nchi, mnyoofu, mwenye sauti iliyofika lango kuu bila msaada. Kwake mfungwa asiyekula ni mfungwa anayegoma. "Sajini," aliniita, "huyo mzee wako amekataa kukula. Mwambie hapa hatubembelezi mtu."

Nilikwenda kutazama wakati wa chakula. Wafungwa walikuwa kaba, yaani wamechuchumaa katika safu za watano watano ili wahesabike, na maharagwe yalikuwa yanagawiwa na mfungwa kijana aitwaye Kyalo. Kyalo alipoikaribia safu ya Mzee Mbithi, mzee aligeuzia uso ukutani na kujikinga kwa mkono. Naye Kyalo akampa mwenzake upawa, akapita nyuma ya safu akiwa ameinama. Mkuu wa gereza angeona ukaidi pale. Mimi niliona jambo nililolijua tangu utotoni kwenye vijia vya Kilungu: watu wawili wanapishana kwa sababu ni wakwe.

Kwetu Wakamba mkwe anaheshimiwa kwa kuwekewa umbali. Heshima hiyo tunaiita nthoni. Humwoni mkwe wako akiwa uchi, hulali naye chumba kimoja, hujiachii mbele yake. Nyumba nyingi zimelegeza siku hizi, lakini ya Mzee Mbithi haikuwa mojawapo. Na hapa wamewekwa wadi moja, wanaoga bomba moja, na choo hakina mlango.

"Yule wa maharagwe ndiye ameoa msichana wangu, Ndinda," mzee aliniambia ofisini, kwa sauti ya chini. "Mimi najua yuko Kitui kwa kazi ya mjengo. Kumbe ameshikwa. Na yeye hajui yangu. Sajini, tulionana kwa bomba. Sisi wote hatuna nguo."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Niseme mkwe wangu ni mfungwa, ama niseme mimi ni mfungwa?"

Nilikwenda kwa Mkuu wa gereza, nikamweleza. Alinisikiliza huku akipanga kalamu zake. "Sajini, hapa ni jela, si kwa mahari. Ndani ya huu ukuta hakuna mkwe. Kuna namba."

"Afande, hiyo namba itakufa njaa."

Akaziacha kalamu. "Haya, peleka kijana wadi ingine na umtoe jikoni. Lakini nikisikia mwingine anadai hawezi kukula mbele ya shangazi yake, wewe ndio utawapikia."

Mzee akaanza kula. Nikajipongeza, nikadhani kazi imekwisha.

Kisha Ndinda akaja. Ilikuwa siku ya wageni. Alikuwa amesafiri kutoka Sultan Hamud na kubadilisha gari njiani, amevaa viatu vya kanisani, mfuko wa machungwa mkononi. Aliwataja wanaume wake wawili dirishani, baba na mume, na askari wa zamu akacheka, akadhani ni mzaha. Nikatuma mtu awaite. Kyalo akakataa kutoka. Mzee Mbithi akakataa kutoka. Niliwaendea mwenyewe, na kila mmoja akanipa mgongo.

Nilirudi kwa Ndinda. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, na alinielewa kabla sijafungua mdomo.

"Wote wawili?" aliuliza.

"Wote wawili, mama."

"Ni wagonjwa?"

"Hapana. Ni wazima."

Alitazama machungwa yake. Chakula cha nje hakiruhusiwi, na alikuwa ameshaambiwa. "Basi waambie nilikuja," akasema. "Na uwaambie nikikosa kuwaona tena, sitakuja ya tatu. Kule nyumbani watu wananicheka, afande. Nikija huku pia nichekwe?" Akaondoka na mfuko wake. Nilimtazama hadi alipotoka lango la nje, na nakiri roho iliniuma kuliko siku nyingi za kazi ile. Mwanamke alikuwa na wanaume wawili hai, na anarudi nyumbani kama mjane.

Niliwaita mmoja mmoja. Kyalo alikuja kwanza. Alikuwa amefungwa kwa kuiba pampu ya maji ya mwajiri wake ili aiuze akanywe, na hilo alilisema bila shida. Lililomshinda lilikuwa lingine.

"Afande, mimi ndio niliharibu mzee."

Akanieleza. Mzee Mbithi alikuwa mlevi wa ujana aliyeokoka, akakaa miaka na miaka bila kugusa pombe. Siku ya mahari wazee wa ukoo wakasema msichana hatoki bila pombe, kanisa au si kanisa. Mzee akakubali aonje tu kibuyu, kwa baraka. Kyalo ndiye aliyekibeba. "Alionja mbele yangu. Nikaona vile mkono wake umekataa kukirudisha. Sasa nitamwangalia Ndinda na nini? Nilimharibia baba siku ile nilikuja kumchukua."

Mzee Mbithi alikuja baadaye. Yeye alisimama, benchi alilikataa kwa sababu nilimwambia, kwa ujinga wangu, kwamba mkwe wake ametoka kulikalia.

"Sajini, baada ya ile mahari nilianza kunywa kwa kujificha. Niliogopa watu wa kanisa. Nikawa naenda kwa huyo kijana, nyumbani kwa msichana wangu, kwa sababu huko hakuna mshirika wa kuniona. Kijana alikuwa hanywi. Lakini nikimwekea kikombe atakataa aje? Mkwe hakatai mkono wa mkwe wake. Mimi ndio nilimfunza. Nilivunja nthoni na chupa, Sajini. Sasa nitaangalia Ndinda aje? Nilimharibia bwana."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliishikilia nthoni kwa nguvu namna ile ndani ya jela, hadi kukaribia kufa njaa. Nje aliivunja.

Sheria ya benchi ni kwamba linalosemwa hapo halitoki. Nilijua la kijana na nilijua la mzee, na sikuruhusiwa kumwambia yeyote kati yao kwamba mwenzake amejibebesha mzigo uleule. Nilitembea nalo jambo hilo kwenye kota majuma kadhaa. Tulikuwa na kikundi cha waraibu, ambapo kila mtu husimama, akataja jina na kilichomshinda. Mkuu wa gereza aliamuru wote wawili waingizwe. Walisimama, wakanyamaza, wakaketi. Siwalaumu. Unamwambiaje mtu avue nafsi yake mbele ya mkwe wake, na tayari alishavuliwa nguo?

Siku moja nikamkumbuka babu yangu. Aliwahi kukosana na mkwe wake, na siku ya kupatanishwa mmoja aliketi ndani ya nyumba, mwingine nje, na jirani akasimama mlangoni kupeleka maneno. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri sana, ila hakuna aliyemjibu mwenzake. Walimjibu jirani.

Gerezani, Jumamosi yenye jua kali, tulianika blanketi za wadi zote uwanjani ili kuua kunguni. Zilining'inia kwenye waya, nzito, za kijivu, karibu zifike chini. Nilimkalisha Mzee Mbithi kwenye ndoo iliyopinduliwa upande mmoja, na Kyalo kwenye ndoo upande wa pili. Niliwaambia kila mmoja ni nani yuko ng'ambo, kwani sikutaka kumtega mtu. Nikasema anayetaka kuondoka aondoke. Kisha nikasimama penye mwanya baina ya blanketi mbili.

Kyalo ndiye aliyeanza.

"Afande, mwambie mzee, ile pombe ya mahari mimi ndio nilibeba. Mwambie naomba msamaha."

Nikamgeukia mzee. "Mzee, mkwe wako anasema pombe ya mahari yeye ndiye aliyebeba, na anaomba msamaha." Niliirudia kama ilivyo, ingawa mzee alikuwa ameshaisikia.

"Mwambie pombe inaweza kubebwa na mtu yeyote," mzee akasema. "Koo ni langu. Mwambie yeye alikuwa kijana msafi, mimi ndio nilimwekea kikombe. Mwambie mimi ndio wa kuomba."

Nikapeleka. Kyalo alikaa akichora ardhini kwa kidole. "Mwambie ningeweza kumwaga," akasema mwishowe. "Angegeuka kidogo tu ningemwaga. Sikumwaga. Ilikuwa tamu."

Nilipopeleka hilo, mzee alicheka. Hakuwahi kucheka tangu aletwe. Kisha kicheko kikageuka, akalia, bega linaruka, mkono mdomoni. Hilo sikulitangaza, halikuwa neno la kupelekwa. Lakini Kyalo alisikia, akainuka, akainama kuelekea kwenye blanketi, akaondoka polepole asije akamsikia mkwe wake akilia zaidi ya inavyofaa.

Mzee alipotulia akajifuta uso. "Ndinda akija, atoke kijana kwanza," akaniambia. "Ni bibi yake."

Nikirudi ofisini nilimkuta Mkuu wa gereza amesimama barazani. Alikuwa ametazama yote. "Sajini, kwani siku hizi unafua blanketi na mdomo?" Nikapiga saluti. Nikapita.

Ndinda alikuja mara ya pili, kama alivyosema. Nilimleta Kyalo, wakakaa, sikusikiliza. Nilipomrudisha Kyalo kwa mlango wa jikoni, nilimpitisha mzee kwa mlango wa mbele, wasikutane. Mzee Mbithi alisimama mbele ya bintiye na kofia yake ya mfungwa mkononi, akasema bila salamu, "Ndinda, mimi ni mlevi."

"Najua, baba," akajibu. "Si mimi ndio nilikuwa naosha vikombe."

Alicheka kidogo akisema hivyo, na macho yake yalikuwa yamejaa. Nikatoka nje nikawaachia askari wa zamu. Kuna mambo ambayo hata ofisa wa ustawi hana kazi nayo.

Walimaliza vifungo vyao kwa nyakati tofauti, wakaenda. Nami nikaendelea hadi umri ukanifikia. Mke wangu alifariki nikiwa bado kazini, na niliomba ruhusa ya kumzika, nikarudi kwenye kota, nikawasha redio. Nilipostaafu nilirudi Kilungu kwenye nyumba aliyoitunza yeye. Parachichi zake bado zinazaa. Watoto wako Nairobi na hupiga simu Jumapili.

Vijana mnaoingia kazi hii huniuliza kama nawakosa wafungwa. Swali la ajabu, na jibu langu ni ndiyo. Najua siri za watu wengi wa vilima hivi na wa kando ya barabara hii ya Mombasa, kuliko wachungaji wao, na hakuna ninayeweza kuketi naye. Ofisa hamsalimu kwanza mtu aliyewahi kumlinda gerezani. Ukimwona sokoni, unapita, kwa sababu pengine yuko na mtoto wake, au na mama mkwe, au na tajiri aliyempa kazi bila kujua. Akitaka, atakusalimu yeye. Wengi hawataki, na ni haki yao. Hivyo mimi hupita sokoni Sultan Hamud kama mgeni, mahali ambapo nawajua watu kwa majina yao matatu. Kuna siku hurudi nyumbani bila kusema na mtu zaidi ya kuuliza bei ya nyanya.

Na msidhani nawasimulia jinsi nilivyomponya mtu. Uraibu hauponi kwa Jumamosi moja ya blanketi.

Mwaka huu, mchana wa soko, nilimwona Kyalo. Alikuwa ameketi chini kando ya ukuta wa duka, miguu ameinyoosha, shati limechafuka kwa matapishi, kichwa kimeanguka kifuani. Watu walikuwa wakimruka na kucheka. Na mbele yake alisimama Mzee Mbithi, mzima, msafi, amempa mgongo. Alikuwa amefungua koti lake na kulishika kwa mikono yote miwili, huku na huku, ili wapita njia wasimwone vizuri mtu aliye nyuma yake. Na yeye mwenyewe hakumwangalia. Hakuweza. Alikuwa amesimama pale muda, maana paji lake la uso lilikuwa limelowa jasho.

Aliniona. Niliinamisha macho kama ilivyo kanuni, nikaanza kupita.

"Sajini!" aliita, kwa sauti ya mwimbishaji, na soko zima likageuka. Akamwambia mama wa nyanya, ambaye hakuwa ameuliza kitu, "Huyu alikuwa sajini wangu nikiwa jela." Kisha akanisogezea uso, akashusha sauti. "Ndinda nimempigia simu, lakini yuko mbali, na jua ni kali. Mimi siwezi kumshika. Wewe si mkwe wake. Mwinue."

Nilipiga magoti, nikamshika Kyalo kwapani, nikamwinua. Alinuka chang'aa na alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Akafungua jicho moja, akanitambua, akajaribu kusema "afande", ikashindikana. Mzee Mbithi akafunga koti lake, akatangulia kwenye njia ya kwao, sisi tukamfuata tukiyumba. Hakugeuka nyuma hata mara moja, lakini kila tulipokwama, naye alisimama.